Je, Wajua? Ghorofa Lililochungulia Bangaloo

Ukipita Milimani, Kisumu, jioni moja ya siku ya kazi, huenda ukaona hivi: mbele, ua wa kayaba uliokatwa vizuri, nyuma ya ua, nyumba ya chini yenye veranda na paa la vigae vilivyoingia kuvu, na nyuma ya paa, nyavu za kijani, nguzo za mti na mtu wa mjengo anayevuta ndoo kwa kamba akiwa juu ya kila mwembe mtaani. Safu ya leo ni ya majengo hayo mawili, la mbele na la nyuma, pamoja na jamaa zao wa Nairobi, Unguja na ng'ambo.

Je, wajua kwamba Milimani hakuna mlima? Milima ya kweli iko Riat, au Nandi ukiangalia mashariki. Milimani ya Kisumu ni mgongo wa ardhi tu unaoteremka polepole kuelekea ziwani, baiskeli huupanda bila mwendeshaji kusimama. Jina halikutokana na kimo. Karibu kila mji wa Kenya walimokaa maafisa wa Kiingereza una Milimani yake: Nairobi, Nakuru, Kitale, Kakamega. Tanzania Bara hawakuzunguka mbuyu. Waliita Uzunguni, na jirani yake ikawa Uhindini.

Wajua maafisa hao walitaka mwinuko wa nini? Homa. Neno malaria lenyewe ni la Kitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa sababu madaktari waliamini ugonjwa huo unapanda kutoka matopeni kama mvuke. Ronald Ross alimkamata mhalifu halisi, mbu, mwaka 1897 huko India, lakini mazoea ya kujenga juu yalikwisha kuota mizizi. Ramani ya kwanza ya mji wa Kisumu ilichorwa kwa ajili ya ufuo wa kaskazini wa ghuba, upande ulipo uwanja wa ndege leo. Baadaye mji ukahamishiwa mgongo wa kusini.

Je, wajua kwamba Kisumu ilianzia Uganda? Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, akapigilia msumari wa mwisho, kituo kikiitwa Port Florence, sehemu hii yote ilikuwa mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya tarehe 1 Aprili 1902. Jina la Florence halikudumu. Waluo walikuwa na lao tangu zamani, linalotokana na kwenda *kisuma*, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu. Mji ulikuwa soko kabla haujawa stesheni.

Na hili wajua? Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson, bingwa wa afya ya miji ya kitropiki, aje Afrika Mashariki atazame usafi wa miji yetu. Tauni ilikuwa imepiga hodi mara kadhaa. Pendekezo lake likawa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa mbalimbali, na katikati ibaki ardhi tupu isiyokaliwa na mtu. Kisumu ikafuata mkondo huo: Mzungu mgongoni, Mhindi kwenye maduka ya mjini, Mwafrika pembezoni, kule ambako leo tunaita Nyalenda, Manyatta na Kaloleni. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulikataa kutenga mitaa ya mijini kwa sheria, lakini masharti ndani ya hati za ploti yaliendelea kuifanya kazi hiyo kimyakimya.

Nalitaja hili mapema kwa makusudi. Nafasi ile inayotusisimua Milimani, ploti za nusu eka na eka nzima, miti ya jakaranda, nyumba kukaa mbali na barabara, haikutokana na uungwana wa mtu. Ilitolewa kwa wachache kwa kuwanyima wengi. Anayetetea bangaloo za Milimani bila kulisema hilo anauza nusu ya habari. Na anayezibomoa kwa kisingizio hicho hicho, kisha akajenga fleti ambazo mtu wa Nyalenda hawezi kulipia hata mwezi mmoja, naye anauza nusu ya pili.

Je, wajua kwamba neno bangaloo ni la Bengali? Asili yake ni *bangla*, nyumba ya Kibengali: ya chini, paa pana, veranda kuizunguka. Waingereza waliiokota India wakaitembeza dunia nzima. Vigae vyekundu vya nyumba nyingi za aina hiyo Afrika Mashariki vilitoka pia India, Mangalore, mji ambako wamishonari wa Basel walianzisha kiwanda cha vigae mwaka 1865. Geuza kigae kilichoanguka uangalie tumboni: mara nyingi utakuta jina la kiwanda limechapwa kwenye udongo.

Na ghorofa je? Ni Kiarabu, *ghurfa*, maana yake chumba. Sisi tumekifanya chumba kimoja kuwa jengo zima.

Wajua kwa nini ghorofa huota nyuma na si mbele? Kwa sababu ploti za zamani zilipangwa hivyo. Nyumba kuu ilikaa theluthi ya mbele, ikitazama barabara au ziwa. Nyuma kulikuwa na jiko lililotengwa, kamba za nguo, bustani ya sukuma, na mwisho kabisa vyumba vya watumishi, vile ambavyo Wakenya hadi leo tunaviita SQ. Warithi wanapokaa kugawana, au mwenye ploti anapotafuta pesa za kuezeka upya, kipande cha nyuma ndicho chepesi kukiuza: kina nafasi, hakina sifa, na lori la kokoto linaweza kuingia kwa lango la pembeni. Hivyo fleti za kupangisha zinasimama pale pale alipokuwa akilala mpishi.

Je, wajua sheria iliyoongeza kasi? Ni Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Kwa maneno ya mtaani: kila fleti inaweza kupata hati yake. Zamani ulinunua fleti ukabaki umeshika mkataba mrefu wa kukodi. Sasa hewa iliyo mita 20 juu ya ardhi ina hati, inaweza kuuzwa, kurithiwa na kuwekwa rehani benki. Ploti moja ikizaa hati arobaini, bangaloo yenye hati moja inaanza kuonekana kama mzaha.

Wajua kwamba uzee peke yake hauilindi nyumba Kenya? Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema jengo la umri wowote laweza kuwa mnara wa kumbukumbu, lakini mpaka waziri alitangaze katika gazeti rasmi la serikali. Bila tangazo, nyumba ya miaka 110 na kibanda cha jana viko sawa mbele ya tingatinga. Sheria hiyo ina mstari wake wa mwaka: vitu vinavyobebeka huhesabika vya kale vikiwa vilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao. Kisumu ya stesheni na gati ilizaliwa miaka sita baadaye. Hata sahani za kaure za bwana forodha zimechelewa.

Lakini kuna kifungu ninachokipenda. Waziri anapotangaza jengo, anaweza kutangaza pamoja nalo eneo la ardhi linalopakana nalo, kama anaona linahitajika kulitunza. Kwa hiyo sheria inaujua upande wa nyuma. Inaweza kulinda ukuta na kulinda ua. Kinachobaki bila mwenyewe ni anga: ile picha ya paa dhidi ya mawingu, ambayo huvurugwa na jengo lililo ploti ya tatu, nje kabisa ya mpaka wowote uliotangazwa.

Je, wajua kesi kongwe ya Kenya ya ghorofa nyuma ya jengo la kale? Umeiona mara nyingi, hasa ukiwa umepanga foleni ya pasipoti. Kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, Nairobi, kuna jengo dogo la mawe lililojengwa mwaka 1913. Lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na kwa kuwa vizazi, ndoa na vifo vyote viliandikishwa humo, Waingereza walilitania kwa jina la vifaranga, viberiti na vifurushi, mchezo wa maneno ambao hauingii vizuri kwenye Kiswahili na sina haja ya kuulazimisha. Hapo ndipo ilipo alama ya sifuri ambayo umbali wa barabara ulipimwa kuanzia kwake. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makavazi ya Kitaifa, na ndani yake kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya.

Sasa inua macho. Nyuma yake tu limesimama Nyayo House, ghorofa 27, mita 84, lililokamilika mwaka 1983. Mkuu wa mkoa alihama jengo la mbele akahamia la nyuma, kama mtu anayehama sebuleni kwenda chumbani. Jengo la mawe halikubomolewa. Halikuguswa hata tofali. Na bado likageuka kuwa kitu kingine. Lililokuwa ofisi yenye mamlaka, watu wakivua kofia mlangoni, lilikuwa sasa kibanda cha mapambo miguuni pa dola. Dola yenyewe ilikuwa na mengine chini ya ardhi: katika miaka ya 1980 vyumba vya chini vya Nyayo House vilitumiwa kuwatesa wapinzani wa serikali, na mwaka 2003 vikafunguliwa umma ukaviona. Mpiga picha akitaka kulipiga jengo la 1913 kutoka mbele, hana pembe ya kulikwepa la 1983.

Na pacha wake wajua? New York, stesheni ya Grand Central ilifunguliwa mwaka huohuo, 1913. Nyuma yake, mwaka 1963, likafunguliwa jengo la Pan Am la ghorofa 59, ambalo sasa linaitwa MetLife. Wenye stesheni walipoona hivyo nao wakataka kujenga mnara juu ya stesheni yenyewe. Jiji likakataa, wakaenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba jiji lilikuwa na haki. Jambo la maana katika kesi hiyo lilikuwa dogo na la kibiashara: mwenye jengo la kale aliruhusiwa kuuza "anga" lake kwa ploti nyingine. Huwezi kupanda juu hapa? Basi muuzie jirani wa mbali ghorofa zako ambazo hazijajengwa, azijenge kwake, nawe utumie pesa kurekebisha paa. Ningependa kuona kaunti moja ya kwetu ikijaribu hesabu hiyo, kwa sababu mwenye bangaloo hashibi kwa kuambiwa nyumba yake ni urithi wa taifa huku kodi ya ardhi inampanda.

Wajua Mambo Msiige? Ni jumba la Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, lililojengwa kati ya 1847 na 1850 na Salim bin Harith. Jina lenyewe ni kijembe: mambo haya msiyaige, hamtayaweza. Wazee husimulia kwamba chokaa yake ilikorogwa na mayai. Likaja kuigwa hata hivyo. Mwaka 2015 hoteli ya Park Hyatt ilifunguliwa hapo, nyumba ya kale ikiwa mbawa moja na jengo jipya likiwa mbawa ya pili, kwenye uwanja wa wazi uliokuwa pembeni. Mji Mkongwe uliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa hiyo Kamati ya Urithi ilikuwa na sauti, na ililalamika juu ya urefu wa jengo jipya na juu ya uwanja uliopotea. Jengo halikupungua hata tofali moja. Ndipo unapojifunza kwamba barua ikija baada ya zege kukauka, huwa ni ya kumbukumbu tu.

Haraka haraka, za ng'ambo:

Bali, Indonesia, jengo halitakiwi kupita mita 15, kimo cha mnazi.

London ilianza kulinda mwonekano wa kanisa la St Paul's mwaka 1937, kwa kupima mistari ya macho kutoka barabarani na darajani.

Kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, liliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya maghorofa yaliyopangwa ng'ambo ya mto. Mto mzima katikati, na bado! Mipango ikapunguzwa, likaondolewa orodhani mwaka 2006.

Liverpool haikusikia. Mwaka 2021 ilifutwa kabisa.

Turudi nyumbani. Je, wajua mnara wa saa wa Kisumu ni wa nani? Ule wa Barabara ya Oginga Odinga, wenye nyuso nne. Ulijengwa na wana wanne wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Gavana Robert Brooke-Popham aliuzindua tarehe 19 Agosti 1938. Wakati huo uliitwa mnara na ulikuwa mnara kweli. Leo hata matangazo ya simu yanaupita kimo, na ukitaka kuuona ni lazima uwe unautafuta. Hakuna aliyeugusa pia.

Wajua ni nani mwenye neno juu ya urefu wa ghorofa Kisumu, mbali na kaunti? Rubani. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, kwa viwanja vikubwa vyenye njia ndefu ya kurukia, huweka dari lisiloonekana mita 45 juu ya uwanja, likienea kilomita 4 kila upande, kisha likaanza kupanda polepole. Mita 45 ni kama ghorofa 14. Uwanja wa Kisumu uko karibu na katikati ya mji kiasi kwamba abiria wa dirishani huhesabu mabati. Kwa hiyo mwekezaji wa Kisumu anayeota mnara wa Dubai sharti kwanza aulize mamlaka ya usafiri wa anga. Ajabu ni kwamba ndege zimeilinda anga ya mji huu kuliko sheria yoyote ya turathi.

Je, wajua una siku ngapi za kupinga? Hii ikate uiweke. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, mtu akiomba kaunti kibali cha kujenga na asijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Ukimya wa ofisi ni ndiyo. Anayepinga uamuzi ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti. Kwa leseni ya mazingira, ile ya NEMA, kuna baraza la rufaa la mazingira, na muda wake ni siku 60. Majirani wengi huanza kuuliza maswali siku tingatinga linapoingia, na kwa kawaida siku hiyo hesabu zote hizo zimekwisha kupita. Kibao cha mradi kinachotundikwa langoni hakipambi. Kinakueleza mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi na namba za vibali. Simama ukisome, hata kama soja atakutazama vibaya.

Wajua kipande cha kioo kinavyotoa ushahidi? Hapa nataka kukaa kidogo. Nyumba za zamani za mawe au matofali mara nyingi zilijengwa kwa chokaa, bila nondo, juu ya msingi wa kina kifupi. Chokaa ni laini; nyumba ikitikisika kidogo, inajinyoosha na kuendelea. Shida huja jirani anapochimba shimo la ghorofa la chini ya ardhi mita tatu kutoka ukuta wako. Udongo uliokuwa umeibana misingi yako unapata pa kukimbilia. Na kama ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea Kisumu na uwanda wa Kano, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu shimo linabadilisha pia njia ya maji.

Fundi mzoefu hufanya hivi kabla ya jembe la kwanza. Anazunguka nyumba ya kale na mwenye nyumba, wanapiga picha kila ufa, hata wa unywele, na kuandika tarehe. Kisha juu ya ufa mkubwa anabandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, mwisho mmoja huku, mwisho mwingine kule. Kioo hakinyooki. Ukuta ukisogea hata milimita moja, kinapasuka, na hakuna wakili anayeweza kubishana nacho. Nimekiona kimoja katika bangaloo moja nisiyoitaja, juu ya mlango wa stoo, kimeandikwa tarehe kwa penseli ya seremala. Kilikuwa kimekatika katikati, safi kama biskuti. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa amekizoea. Aliniambia hata haoni haja ya kuanza kesi, kwa kuwa mwanawe anafanya hesabu ya kuuza.

Na tafadhali, ufa wa chokaa usizibwe kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaanza kumung'unyika kutoka tumboni.

Je, wajua upepo wa ziwa una saa zake? Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake inapanda, na ile ya baridi kutoka ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku hugeuka. Bangaloo ilijengwa ikilijua hilo: madirisha yanatazamana, dari ni refu, veranda inavunja jua. Weka jengo pana la ghorofa kumi upande wa ziwa, na upepo hauna budi kupanda juu au kuzunguka pembeni. Sehemu yake hugonga ukuta na kushuka chini kwa nguvu, ndiyo maana langoni kwa ghorofa karatasi hupepea na nyumba ya nyuma pazia halitikisiki. Baada ya hapo mwenye bangaloo ananunua feni, na kisha eyakondishoni.

Wajua maji hayapandi yenyewe? Kila mita kumi za kwenda juu hudai kiasi cha presha moja ya anga. Tangi lililo mita 40 juu linahitaji pampu ya presha nne, mbali na ya mabombani. Lakini kinachopanda sharti kishuke: maji taka ya familia arobaini hupitia mkondo uliochimbwa kwa familia moja na mpishi wake, yakielekea mtambo wa maji taka wa Kisat au mabwawa ya Nyalenda. Yaani kule kule pembezoni palipotengwa kwa kufuata pendekezo la Simpson.

Na radi? Hapa bangaloo inapata faida. Kando ya ziwa hili mvua za radi ni nyingi mno, na radi hutafuta kilicho kirefu. Ghorofa lenye waya mzuri wa kuzuia radi humkinga kwa kiasi jirani mfupi aliye karibu. Ndiyo zawadi pekee niliyoiona ikitoka nyuma kwenda mbele.

Je, wajua Makasembo? Si Milimani, lakini haiwezi kuachwa. Ilikuwa mtaa wa nyumba za zamani za halmashauri, za chini, zilizochoka. Zilibomolewa na LAPFUND, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa serikali za mitaa, ukajenga maghorofa. Kule sikulia. Nyumba zilikuwa zinavuja, ardhi ni ya umma, na watu wanahitaji pa kulala. Urefu si dhambi. Ninachouliza Milimani ni kwa nini mji wenye ardhi tele kuelekea Mamboleo na Riat ung'ang'anie kupanda juu hasa nyuma ya majengo machache yanayoonyesha ulikotoka.

Wajua ziwa nalo lina maoni? Mei 2020 lilifikia kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimepimwa hadi wakati huo, likipita kidogo kile cha 1964. Hoteli, mashamba na bichi za kupakia samaki zikaogelea. Mwekezaji aliyenunua ploti ya ufuoni kwa sababu ya machweo, sharti asome pia kipimo cha maji.

Je, wajua mchana kamili wa Kisumu ni saa ngapi? Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa digrii 45, unaopita karibu na Mogadishu. Kisumu iko magharibi sana mwa hapo, kwa hiyo jua hufika utosini saa saba kasoro dakika ishirini hivi, si saa sita. Na kwa kuwa mji uko karibu kabisa na ikweta, mchana ghorofa halimkoseshi jirani jua sana. Kivuli kinajikunja miguuni pake. Shida ni jioni. Chukua jengo la mita 40, mwezi wa Machi. Saa kumi na moja kasoro robo kivuli chake kina mita 70 kwenda mashariki. Saa moja baadaye kina karibu mita 150, kinavuka ua, barabara na ua wa pili.

Nilikuwa nimesimama barabarani nikiipiga hesabu hiyo kwa simu, soja wa lango la bangaloo akidhani namtafuta mwenye nyumba. "Jaduong', mama hayupo," akasema. Nikamwambia natazama jua. Akacheka, akanivuta ndani hatua mbili ili nione vizuri. Kamba ya nguo ilikuwa nyuma, jikoni, tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Nguzo zake za chuma zingali pale, zimeota kutu. Lakini kule jua sasa huondoka saa kumi. Kwa hiyo msichana wa kazi ameifungua kamba na kuihamishia mbele, kutoka nguzo moja ya veranda hadi nyingine. Shuka mbili, taulo na sare ya shule, zote zimetazama barabara.